Sweta Lisilo na Mikono: Somo Juu ya Udumifu na Kiasi



Tunapofundisha fadhila, mara nyingi tunachukua mifano mikubwa: shahidi mbele ya upanga, mmisionari katikati ya homa, mfalme aliyeacha kiti chake. Mifano hiyo ni mizuri, lakini ina hatari moja. Msikilizaji anaweza kurudi nyumbani akidhani kwamba fadhila inamhusu mtu mwingine. Ndiyo maana katika somo hili tumechagua mfano mdogo, unaoweza kukaa kwenye mapaja ya mtu: sweta lililoanzwa na halijamalizika. Tutaona jinsi fadhila tatu, yaani haki, kiasi na udumifu, zinavyokutana katika kazi ya mfumaji, na kwa nini anayezuia mkono wake usinunue uzi mpya anaweza kuwa anatimiza jambo zito kuliko kubana matumizi.

1. Kisa

Kisa hiki tumekitunga kwa ajili ya somo, kama walimu wa maadili wanavyofanya, ila hakuna kitu ndani yake kisichotokea.

Mama mmoja wa Njombe anafuma masweta kwa mkono. Ni mwezi wa Aprili. Baridi kali ya nyanda za juu, ile ya Juni hadi Agosti, inakaribia. Nyumbani ana kazi nne ambazo hazijaisha.

Ya kwanza ni sweta la shule, la bluu iliyoiva, la mtoto wa darasa la tatu. Mzazi wa mtoto alilipa kianzio mwezi Februari. Mbele na nyuma viko tayari, mikono bado, na ili kuimaliza yanahitajika madonge mawili zaidi ya uzi uleule.

Ya pili ni sweta la mama yake mzazi. Alimwahidi kwamba angelivaa Noeli iliyopita. Limebaki mkono mmoja na shingo.

Ya tatu ni sweta lake mwenyewe, lenye mapambo ya kusokota kifuani. Aliliacha pale mapambo yalipoanza kumchanganya.

Ya nne ni kisweta cha mtoto mchanga wa jirani. Mtoto huyo sasa anatembea.

Chini ya kitanda kuna mfuko wa nyuzi za rangi mbalimbali zilizonunuliwa kidogokidogo, kila moja kwa nia njema. Siku ya gulio mfanyabiashara ameleta uzi laini wa zambarau ambao haujawahi kuonekana pale. Mama anaushika, anaubana kidogo kwa vidole, na tayari akilini anaona sweta zuri kuliko yote aliyowahi kufuma. Mkononi ana shilingi 15,000, na sehemu ya fedha hizo ni kile kianzio cha mwezi Februari. Je, anunue?

2. Kwa nini uzi mpya unavutia

Tusianze kwa kumhukumu. Uzi ni kitu chema. Kuupenda uzuri wa rangi ni jambo jema pia, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeuumba mwanga na macho. Kitabu cha Kutoka kinawakumbuka kwa heshima wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya Hema la kukutania (Kut 35:25-26). Na mwanamke hodari wa kitabu cha Mithali anatafuta sufu na kitani, wala haogopi baridi kwa ajili ya watu wa nyumba yake, maana amewavika (Mit 31:13.21). Kwa hiyo tatizo halimo katika uzi.

Tatizo limo katika tofauti kati ya kuanza na kuendelea. Sweta ambalo halijaanzwa halina kosa hata moja. Halina kitanzi kilichodondoka, halina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Sweta lililofikia katikati linatuonyesha tulivyo: mahali tulipohesabu vibaya na mahali tulipochoka. Anayenunua uzi mpya hanunui uzi peke yake, bali ananunua tena ile raha ya mwanzo, na kwa muda anasahau lile la zamani linalomkumbusha udhaifu wake.

Mababa wa jangwani waliijua hali hii. Evagrio wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya uchovu wa roho unaomshambulia mtawa katikati ya mchana. Jua linaonekana kama limesimama, mtawa anachungulia dirishani mara kwa mara, anaanza kuchukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, na kudhani kwamba kwingineko mambo yangekuwa rahisi zaidi. Tukumbuke kwamba mtawa huyo si lazima awe amelala. Anaweza kuwa na shughuli nyingi sana. Kilema hiki, kinachohesabiwa kati ya vichwa vya dhambi kwa jina la uvivu, mara nyingi huvaa nguo za bidii. Mtu anakimbia huku na huko ili asikae na kazi iliyo mbele yake. Mfumaji anayeanza sweta la tano anaonekana mchapakazi, lakini inawezekana anachokifanya ni kuukimbia mkono wa sweta la kwanza.

3. Ugumu wa kitu kirefu

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae (Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 137), anauliza kama udumifu ni fadhila ya pekee. Jibu lake ni ndiyo, na sababu yake ni rahisi kueleweka: kudumu kwa muda mrefu katika jambo gumu kuna ugumu wake wa pekee, juu ya ugumu wa jambo lenyewe. Kwa hiyo inahitajika fadhila ya kuubeba ugumu huo wa muda. Anauweka udumifu chini ya fadhila ya nguvu.

Tulipime jambo hilo kwa sindano. Tuseme mfumaji amefuma kipande cha majaribio na kukuta kwamba sentimita 10 kwa upana zina vitanzi 20, na sentimita 10 kwa urefu zina mistari 28. Hivyo ni vipimo vya kawaida kwa uzi wa unene wa kati. Sweta la mtoto lenye mzunguko wa kifua wa sentimita 70 litahitaji vitanzi 140 kwa mzunguko. Likiwa na urefu wa sentimita 45, litakuwa na mistari 126. Zidisha: ni vitanzi 17,640, kabla ya mikono na shingo. Hakuna hata kimoja kati ya vitanzi hivyo kilicho kigumu. Mtoto wa miaka minane anaweza kufundishwa kukifuma. Kinachochosha ni kwamba kile cha elfu kumi kinafanana na cha kwanza, na hakuna anayekipigia makofi.

Ndivyo yalivyo mambo mengi ya wito wetu. Masifu ya jioni si magumu, ugumu uko katika Masifu ya jioni ya mwaka wa nne. Kumuuguza mzazi kwa siku moja kila mtoto anaweza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima kila haba itiwe, hata ile isiyo na ladha.

4. Ahadi ni deni

Sasa turudi kwa mama yetu pale gulioni. Wengi wetu tungemshauri haraka: asinunue, kwa kuwa ni ubadhirifu. Jibu hilo halitoshi, maana linamtazama yeye na mfuko wake tu. Swali la kwanza la maadili hapa ni hili: nani anasubiri?

Mtoto wa darasa la tatu anasubiri. Mzazi wake alitoa fedha, na mama akapokea. Hapo pamefungwa mapatano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba ahadi lazima zitimizwe na mikataba ishikwe kwa uaminifu, kadiri yaliyoahidiwa yanavyokuwa ya haki (na. 2410), na inaweka jambo hili chini ya amri ya saba, ile inayokataza wizi. Haijalishi kwamba mkataba huu haukuandikwa na mwanasheria. Fedha ya kianzio inapogeuka kuwa uzi wa zambarau, madonge mawili ya bluu hayatanunuliwa, na mwezi Juni mtoto atasimama mstarini asubuhi bila sweta, ingawa sweta lake limelipiwa.

Lazima tutofautishe hapa. Mama huyo angekuwa ametumia kianzio kununua dawa ya mtoto wake aliyeugua, tungekuwa tunazungumza juu ya mtu aliyebanwa na shida. Wajibu wake ungebaki, lakini hatua ya kwanza ingekuwa kumwendea mzazi yule na kumwambia ukweli, wakapanga siku mpya. Maskini anayekopa muda kwa kusema ukweli hatuwezi kumweka pamoja na anayechelewesha kwa sababu amenogewa na rangi mpya.

Mama mzazi naye anasubiri. Yeye hakulipa chochote, na pengine hatauliza kamwe. Wazee wetu wana kawaida ya kusema, "Usijisumbue, mwanangu," huku wakijifunika khanga mbili mabegani. Ahadi ya upendo haidaiwi kwa kamba, na ndiyo maana ni rahisi kuiweka nyuma ya kila kitu. Lakini sweta la mteja likichelewa, fedha inaweza kurudishwa. Sweta la mama mzee likichelewa mno, hakuna wa kurudishiwa.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunasoma kwamba Hana alikuwa akimfanyia mwanawe Samweli kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa sadaka (1 Sam 2:19). Mstari huo ni mfupi na wengi huupita. Tuutafakari. Samweli alikuwa anakua. Kanzu ya mwaka jana isingemtosha. Kanzu ambayo ingemalizika baada ya safari isingemfikia. Upendo wa Hana ulikuwa na tarehe, na ulikuwa na kipimo cha mabega ya mtoto ambaye hakumwona kila siku. Kwa hiyo kumaliza ni sehemu ya upendo wenyewe, wala si adabu ya kazi tu.

5. Kiasi: kuzuia mkono kwa ajili ya mwingine

Katekisimu inaieleza fadhila ya kiasi kuwa ile inayoratibu mvuto wa anasa na kuweka uwiano katika matumizi ya vitu vilivyoumbwa (na. 1809). Neno uwiano lina uzito. Kiasi hakimwambii mfumaji auchukie uzi. Kinamwuliza kama mkono ulionyooka kununua unalingana na mkono unaofuma.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 (na. 222), anatukumbusha mafundisho ya zamani kwamba mtu anaweza kupata furaha kubwa zaidi akiwa na vichache, kwa sababu rundo la vitu vipya humzuia kuonja kila kimoja. Mfumaji anaielewa hoja hii kwa vidole vyake. Mwenye donge moja mapajani anajua uzi wake unavyoteleza, unavyovutika, unavyokaa ukifuliwa. Mwenye mfuko mzima chini ya kitanda anajua bei tu.

Bwana wetu alionya juu ya hazina ambazo nondo huziharibu (Mt 6:19). Waliomsikiliza walielewa mara moja, kwa kuwa mabuu ya nondo hula sufu. Uzi wa akriliki unaouzwa sana kwetu leo nondo hawauli. Tusidhani basi kwamba tumesalimika. Miezi inaendelea kulila sweta ambalo halijamalizika, maana mtoto anarefuka, mzee anapungua, msimu unapita. Mtakatifu Basili Mkuu, akihubiri juu ya tajiri mpumbavu wa Injili ya Luka, alisema kwa ukali kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni ni mali ya aliye uchi. Kwetu sisi hata uzi ambao bado haujawa nguo unaweza kuwa tayari na mwenyewe.

6. Kufuma na kufumua

Tahadhari moja inahitajika, ili somo hili lisigeuke mzigo. Je, kila kilichoanzwa lazima kimalizwe? Hapana. Tomaso, katika swali la 138, anataja vilema viwili vinavyopingana na udumifu. Kimoja ni ulegevu, yaani kuacha jema kwa sababu ya ugumu unaovumilika. Kingine ni ukaidi, yaani kung'ang'ania kupita inavyopasa. Mdumifu yuko katikati: anadumu kadiri inavyofaa.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana neno fuma limezaa neno fumua. Mfumaji mzuri anazijua kazi zote mbili. Kisweta cha mtoto mchanga ambaye sasa anatembea hakina wa kumvaa. Kukimaliza ili tu kusema kimemalizika kungekuwa ukaidi. Kukiacha mfukoni miaka mingine miwili ili asione aibu kungekuwa ulegevu. Njia ya busara ni kukifumua, kuuzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, kuulowesha na kuutundika ukauke ili mikunjo ipungue, kisha kuuviringa upya. Uzi umepona na unaweza kuwa kofia ya mtoto yuleyule. Kufumua kwa uamuzi si kushindwa. Ni kusema ukweli juu ya ahadi ambayo wakati wake umepita.

Jambo la pili la busara ni kwamba kuna ununuzi ulio halali kabisa. Madonge mawili ya bluu ni ya lazima. Hata kununua uzi wote wa sweta kwa mara moja kabla ya kuanza ni hekima, kwa sababu kiwanda hutia rangi kwa mafungu, na namba ya fungu huandikwa kwenye karatasi ya donge. Bluu ya fungu moja inaweza kutofautiana na bluu ya fungu jingine hata kama jina la rangi ni lile lile, na tofauti hiyo huonekana kwenye mkono wa sweta mchana kweupe. Ndiyo hekima ya mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, anayeketi kwanza na kuhesabu gharama (Lk 14:28-30). Anayehesabu mapema hununua mara moja na kumaliza. Asiyehesabu hununua mara nyingi na kubaki na misingi.

7. Jibu la kisa

Mama asinunue uzi wa zambarau leo. Anunue madonge mawili ya bluu, akilinganisha namba ya fungu. Akikosa fungu lile, autumie uzi mpya kwenye mapindo ya mikono, pale ambapo tofauti ya rangi haitaonekana sana, na uliobaki wa zamani aufume sehemu ya juu. Kisha afuate ngazi hii:

Kwanza haki. Sweta la mtoto wa darasa la tatu limalizwe kabla ya Juni.

Pili ahadi ya upendo. Sweta la mama mzazi lifuate mara moja, bila kusubiri Noeli nyingine.

Tatu cha kufumuliwa. Kile kisweta kifumuliwe, na uzi wake upewe kazi mpya au apewe mfumaji mwingine, labda kupitia jumuiya ndogondogo ya Kikristo.

Nne chake mwenyewe. Aliye wa mwisho katika orodha si mtumwa. Naye ana mabega yanayoona baridi, na mapambo yale yaliyomchanganya yatakuwa rahisi zaidi kwa mkono uliokwisha kumaliza mengine mawili.

Baada ya hayo, kama uzi wa zambarau bado upo gulioni, anaweza kuununua kwa moyo mweupe. Kiasi hakikumnyima rangi ile. Kimeitafutia wakati wake.

Kwa ndugu zetu mnaojiandaa kusikiliza maungamo, kisa hiki kina funzo la kichungaji. Mwamini akisema, "Naanza mambo na siyamalizi," msimpe shauri la jumla kuhusu bidii. Mwulizeni kwa upole ni nani anayesubiri. Mara nyingi mtakuta kwamba nyuma ya udhaifu unaoonekana mdogo yuko mtu aliyelipa, au mtu mzee aliyenyamaza. Na malipizi yanayofaa yanaweza kuwa kumaliza kitu kimoja tu, kwa jina, kwa tarehe.

Mtume Paulo alifanya hivyo kwa Wakorintho. Walikuwa wameanza mchango kwa ajili ya maskini mwaka mmoja nyuma, wakiwa na ari kubwa. Hakuwaomba waanzishe mchango mpya. Aliwaomba watimize ule ule, ili utayari wa moyo ulingane na utimilifu, kadiri ya walivyo navyo (2 Kor 8:10-11). Tukiyasoma maneno hayo tutaona kwamba utakatifu mwingi umelala nusu katika vikapu vyetu, ukingoja mikono.

8. Kwa tafakari na mazoezi

Andika katika daftari vitu vyote ulivyoanza na hujavimaliza: kitabu, kazi ya darasani, novena, barua ya kuomba msamaha, msaada ulioahidi. Mbele ya kila kimoja andika jina la anayesubiri. Kama hakuna jina, jiulize kama ni cha kumaliza au cha kufumua.

Chagua kimoja cha haki na kimoja cha upendo. Kwa siku 40 usianze kingine cha aina hiyo mpaka hivyo viwili viishe.

Unapovutwa kuanza kitu kipya, jiulize: ninakwenda kwenye jema hili, au ninakimbia jema lile?

Hatimaye, tusitegemee nguvu zetu peke yetu. Kristo, usiku wa kuamkia mateso yake, alimwambia Baba kwamba ameimaliza kazi aliyopewa (Yn 17:4). Naye Paulo aliwahakikishia Wafilipi kwamba Mungu aliyeanza kazi njema ndani yao ataiendeleza mpaka utimilifu wake (Flp 1:6). Tuombe neema hiyo tunapochukua tena sindano, na kuhesabu vitanzi vya mkono wa kwanza.